Pampu Inayokufa Ijumaa

Tangu nirudi juzi Jumamosi, kila ninayekutana naye hapa Birikani, mtaa wetu wa Voi, ananiuliza swali lilelile: "Ulipata?" Nimekuwa nikijibu vipande vipande, huyu habari ya Chawia, yule habari ya lori, na jana baada ya ibada nikasikia kwamba nimeajiriwa na tajiri wa ndizi na nimepewa pikipiki. Hakuna tajiri wala pikipiki. Nimeona afadhali niandike mara moja, kwa utaratibu, ninyi mliokuwa nami karakana msome na mpitishiane.

Habari za nauli na barua za maombi naziruka, kwa kuwa kila mmoja wenu anazijua. Nitakumbusha jambo moja tu. Miezi minane ilikuwa imepita tangu shamba la mkonge litupunguze. Wafula, kaka wa mke wangu, alikuwa amenipatia kazi ya kulinda geti la nyumba za kupanga kule Mombasa, na wenye nyumba walitaka jibu kufikia Jumapili. Kazi ya geti ni kazi halali na siidharau. Lakini nina miaka arobaini na tisa, sina cheti chochote, na ufundi wangu wa pampu na injini niliupata kwa kusoma vitabu vya mashine, kamusi ikiwa kando. Nilijua kwamba nikiliuza sanduku la vifaa nikakae getini, sitaurudia ufundi tena. Basi nikajipa siku tano, Jumanne hadi Jumamosi, nitafute kazi ya mikono yangu kutoka Voi hadi mpakani.

Voi hadi Mwatate

Kutoka Voi hadi Mwatate si safari ya kusimulia. Kilichochukua muda ni kungoja gari la kupanda Chawia. Niliambiwa litaondoka saa nne, kisha saa tano, kisha likijaa. Nikaingia kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, nikaagiza chai na viazi vitamu, sanduku nikaliweka juu ya meza kwa sababu sakafu ilikuwa imemwagiwa maji.

Akaja mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu, akaketi mbele yangu bila kuuliza. Aliitazama nyundo yangu ndogo, halafu kile kioo cha kukuzia ninachosomea namba za beringi.

"Karibu Mwatate, mkubwa," akasema. "Unanunua au unachimba?"

"Mimi ni fundi wa pampu."

"Sawa kabisa." Akasogeza kiti. "Hata sisi hapa sote ni mafundi wa pampu."

Akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua chini ya ukingo wa meza. Ndani mlikuwa na vijiwe vitatu vya kijani, vito vinavyochimbwa huko, kila kimoja kama punje ya mahindi.

"Ndugu yangu, sinunui mawe. Natafuta kazi."

"Mtu mwenye kioo hatafuti kazi. Tazama tu. Kutazama ni bure."

Nikatazama, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Vilikuwa vizuri sana, ila kimoja kilikuwa na ufa ndani, mwembamba kama unywele. Nikamwambia. Alikinyakua kitambaa, akakikunja.

"Si nilisema!" akaniambia kwa hasira ya chini chini. "Ni mnunuzi tu anayeona ufa. Sasa utaniambia bei imeshuka."

Akaondoka bila kuaga. Huyo ndiye mtu niliyezungumza naye kwa muda mrefu zaidi siku ile.

Mwatate hadi Chawia

Gari liliondoka saa saba. Unapopanda Chawia joto la Voi unaliacha nyuma kona baada ya kona, na tulipofika nilikuwa nimevaa shati jepesi katikati ya ukungu. Kikundi cha akina mama wanaolima kabichi na nyanya kilikuwa kinatafuta mtunzaji wa pampu. Walikuwa wameniambia nije Alhamisi. Mimi ndiye niliyeomba iwe Jumatano, ili nibaki na siku zaidi za Taveta, nao wakakubali bila neno. Kukubali kwao kule, nikikufikiria sasa, kulipaswa kunishtua.

Nilipokewa na katibu wao, Mama Wakesho, mwanamke mrefu wa makamo anayetembea akiwa ameweka mikono nyuma kama mwalimu mkuu. Alinipa chumba nyuma ya nyumba yake na sahani ya kimanga, yaani muhogo, viazi vitamu na maharagwe yaliyopondwa pamoja hadi unaweza kukikata kama keki. Nilikula peke yangu, kwa sababu wenyewe walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mke wangu Rispa akapiga simu kutoka Bungoma, alikorudi na watoto nyumba ya shamba ilipochukuliwa.

"Umekula?"

"Nimekula kimanga."

"Ndiyo nini hiyo?"

Nikajaribu kumweleza, mtandao ukakatika kwenye neno muhogo. Nikasikiliza mvua ikigonga mabati.

Asubuhi tulikwenda kwenye pampu. Iko kando ya mfereji unaoteremka kutoka juu ya kilima. Wamejenga kidimbwi cha saruji, pampu inavuta humo na kuyapandisha maji hadi kwenye tangi. Jaribio lilikuwa jepesi: niiwashe, niisikilize, niwaeleze hali yake. Akina mama sita walikaa kwenye nyasi kutazama.

"Fundi," akaanza Mama Wakesho, "kabla hujaanza, leo ni..."

"Mama, niruhusu nifanye kazi kwanza," nikamkata. "Maneno baadaye."

Nataka niwaeleze kwa nini nilisema vile, kwa kuwa safari yangu yote iligeukia hapo. Kwa miaka mingi nimeamini kwamba mtu asiye na cheti akiuliza swali, watu wanaanza kumtilia shaka. Mwenye cheti akiuliza, wanasema yuko makini. Kwa hiyo mimi huwa siulizi. Naona, nafungua, natengeneza. Ninyi wenyewe mlikuwa mkinisifu kwa hilo.

Pampu iliwaka. Ikavuta dakika mbili, ikaanza kumeza hewa. Nikaizima, nikakagua bomba la kuvutia, nikakaza viungo. Ikawaka, ikameza hewa. Nikaifungua, nikaitazama sili, ule mpira wa kuzuia maji na hewa visipite, ilikuwa nzima. Nikapanga nati juu ya gunia kwa mstari, kubwa hadi ndogo. Nikafunga, nikawasha, nikafungua tena. Kuanzia saa tatu hadi saa sita. Akina mama walikuwa bado wanatazama. Mmoja alikuwa anashona.

Mara ya tatu iliposhindwa, Mama Wakesho aliinuka, akaja akasimama karibu nami.

"Sasa umemaliza, fundi?"

"Sijaelewa inapata wapi hewa."

"Leo ni zamu ya upande wa juu. Maji yamefungwa kule tangu alfajiri. Hayo yaliyo kwenye kidimbwi ni mabaki ya jana."

Nikatazama mfereji. Ulikuwa na unyevu na mawe tu. Nilikuwa nimeuruka mara kumi asubuhi ile bila kuona kwamba hakuna maji yanayotembea.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulisema maneno baadaye. Sisi mgeni akishika kazi mkononi hatumkatizi. Tungekosa adabu."

"Tena alikuwa anafungua vizuri!" akasema yule mwenye kushona. "Mmeona nati zake? Kama watoto wa shule kwenye paredi."

Wakacheka. Hakukuwa na ubaya katika kicheko kile, na mmoja wao alinikamatia sanduku nilipokuwa napanda ngazi za shambani. Ila jibu lilikuwa lile mnalolikisia.

"Mikono unayo," Mama Wakesho aliniambia. "Lakini pampu hii ni ya nyumba nyingi, na maji ni ya mlima mzima. Mtu asiyeuliza leo ni zamu ya nani atatugombanisha na watu wa juu mwezi wa kwanza tu. Pole, fundi."

Nilipokuwa nafungasha akarudi mlangoni. Alisema kwamba binamu yake ameolewa Njukini na mzee aitwaye Elisante, na kwamba pampu ya mzee huyo imewashinda mafundi. "Sijui kama atakutaka," akasema. "Nakuambia tu kwamba yupo."

Mnajua nina daftari ambamo naandika kila kazi iliyonishinda na chanzo chake. Alasiri ile niliandika kwamba nilikosa bahati ya siku. Nikaisoma, nikaikata kwa kalamu. Nikaandika kwamba sikuwa na habari za kutosha. Hiyo nayo nikaikata. Mwisho niliandika: Sikuuliza kwa sababu niliogopa. Nikalifunga daftari. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Chawia hadi Taveta

Alhamisi niliteremka kwa miguu hadi Bura, sanduku begani, kwa njia ya mkato ambayo watoto wa shule huiteremka kwa kukimbia. Mimi niliiteremka kwa saa mbili na robo. Nilisimama kando ya lami tangu saa nne. Magari mawili yalipita yamejaa. Saa saba kasorobo akasimama dereva wa lori la saruji, mtu wa pwani, jina lake Athumani.

"Panda, bwana. Ila nakwambia mapema, mimi nikiendesha sizungumzi. Ukitaka soga ngoja basi."

Hakuwa anatania. Tulipita Maktau bila neno. Kushoto kwetu reli ya zamani ilionekana na kupotea kwenye nyasi, na kwingine kote ni vichaka na udongo mwekundu. Nilikuwa na maneno mengi tumboni tangu Chawia, na huyu hapa mtu wa kwanza kuketi kando yangu kwa saa nzima, naye hataki hata moja.

Mbele kidogo tukakuta tembo. Si mmoja wa kupita. Kundi, na ndama watatu, wamesimama juu ya lami kana kwamba wanangoja karani. Athumani akazima injini. Dakika kumi. Ishirini. Akatoa chapati mbili kwenye karatasi, akanipa moja.

"Haya, gari limesimama," akasema. "Sasa twaweza kuzungumza. Waenda kwa nani Taveta?"

"Natafuta kazi."

"Ulifukuzwa?"

"Tulipunguzwa."

"Hiyo ni kufukuzwa kwa heshima. Na jana je? Maana uso wako ni wa jana."

Nikamsimulia habari ya kidimbwi, yote, hata zile nati kwenye gunia. Alicheka mpaka akaufunika mdomo asiwashtue tembo.

"Saa tatu nzima! Na wale akina mama wakutazama!"

"Walikuwa wanatazama."

"Pole, bwana. Mimi jaribio la leseni nilianguka mara tatu. Mara ya tatu nilimgonga ng'ombe wa mkaguzi mwenyewe."

"Ukafanyaje?"

"Nikafanya mara ya nne. Wataka nifanye nini, niende nikalie kwa yule ng'ombe?" Akajifuta mafuta vidoleni. "Lakini nikwambie jambo moja. Mara ile ya nne sikufanya kwa sababu nina moyo mkubwa. Nilifanya kwa sababu..."

Ndama wa mwisho akavuka. Athumani akawasha injini, akatia gia, na hakusema neno lingine mpaka Taveta. Nilipokuwa nashuka nikamuuliza ile sababu ilikuwa ipi. Akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani wa zamani.

"Nimesahau," akasema. "Siku njema, fundi."

Taveta

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye mlango wa kinu cha unga kilichokuwa kinatafuta fundi, saa mbili kamili, kama nilivyoagizwa. Mwenyewe alikuwa amevuka mpaka kwenda Holili, upande wa Tanzania. Niliambiwa anarudi sasa hivi. Nilikaa kwenye benchi kando ya magunia, nikisikiliza kinu kikisaga. Beringi ya upande wa kulia ilikuwa inalia. Niliisikiliza hadi saa sita, na katika saa hizo nne nilizungumza na mtu mmoja tu, mama aliyeniuliza kama mimi ndiye wa mwisho kwenye foleni ya kusaga.

Mwenye kinu alikuwa mtu mstaarabu. Alinisikiliza nilipomweleza habari ya beringi, akaenda kuisikiliza mwenyewe, akakubali.

"Na cheti?"

"Sina. Nimejisomea."

"Mimi nakuamini, mzee. Nimesikia kwa masikio yangu. Lakini mtu wa bima hatasikia beringi, atasoma karatasi." Akanipa mkono. "Umenisaidia leo. Kula kabla hujaondoka, mwambie huyo mama wa hoteli ni mimi."

Nilikula ndizi za kupika na nyama, sahani iliyojaa, ndizi laini zilizolowa mchuzi. Ni chakula cha kula na watu. Nikiwa katikati, simu ikalia. Wafula.

"Shemeji, hawa watu wa geti wananiuliza. Niwaambie unakuja?"

"Bado Jumapili."

"Jumapili ni keshokutwa! Kuna mtu mwingine anaitaka hii kazi, mimi nazuia tu kwa sababu yako. Huko umepata nini?"

"Bado."

"Shemeji, kwani utakula pampu?"

Nikamwambia nitampigia kesho. Nilimaliza ndizi zote, ingawa hamu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimebaki na Njukini, na jina la mzee nisiyemjua.

Njukini

Bodaboda ilinifikisha saa tisa unusu. Mzee Elisante nilimkuta amesimama kando ya mfereji mpana wenye maji mazuri, maji ya chemchemi, akiitazama pampu yake ya dizeli kwa chuki. Ni mtu mfupi, mwenye suruali iliyokunjwa hadi magotini. Nyuma yake mahindi na maharagwe, nusu imenyweshwa, nusu kavu.

"Wewe ndiye wa Chawia?" akauliza. Mama Wakesho alikuwa amempigia simu binamu yake. "Umekuja vizuri. Imekufa saa hii hii. Sili za pampu hii nabadilisha kama soksi. Wameshakuja mafundi wa Taveta, amekuja mmoja wa Moshi. Wakija, wanawasha, inavuta vizuri. Wakiondoka, inakufa. Ukiiweza, nakuandika kazi kuanzia Jumatatu, mwezi kwa mwezi."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika spana. Nitakuwa mkweli: niliishika. Nati ya kwanza ilikuwa mbele yangu na ningeweza kuifungua nimefumba macho. Nikairudisha spana kwenye sanduku. Nilihisi uso ukiwaka, kama mtu anayevua shati mbele za wageni.

"Mzee, mimi sijui ina nini," nikasema. "Naomba niulize kwanza. Ni nani anayekaa nayo siku nzima?"

Akaniangalia kidogo, kisha akamwita Pendo, mwanamke wa miaka thelathini hivi anayenyweshea shamba. Alikuja na jembe begani na viatu vya mpira.

"Dada, hii pampu inakufa wakati gani?"

"Ijumaa," akasema Pendo bila kufikiri.

"Kila Ijumaa?"

"Hii ni pampu Msabato, fundi. Ijumaa jua likianza kuteremka inaweka vifaa chini. Sisi tumeshaizoea, tunaitakia Sabato njema."

"Na siku nyingine haifi?"

"Jumanne pia."

"Jumanne ni Sabato ya nani?"

"Labda Jumanne inafunga." Akacheka, kisha akaacha. "Kweli lakini. Ijumaa na Jumanne. Siku nyingine inasumbua mara moja moja tu."

"Mlishawahi kumwambia fundi yeyote?"

"Nani angeuliza? Wanakuja kesho yake, wananiambia dada sogea."

Mzee Elisante alikuwa amekunja uso. Nikauliza kuna nini Ijumaa na Jumanne. Walitazamana.

"Hakuna kitu," akasema mzee. "Soko la Taveta ni Jumatano na Jumamosi."

"Na siku ya kabla ya soko watu wanafanya nini huko juu ya mfereji?"

"Wanakata ndizi," akasema Pendo polepole.

Nikaomba tuiwashe tena. Nikavua shati, nikalala kifudifudi ukingoni, nikatumbukiza mkono hadi begani mpaka nikalishika chujio mwisho wa bomba. Lilikuwa safi. Maji yalikuwa ya baridi sana. Injini ikashika kasi, nikahisi mvuto kwenye vidole, wa nguvu, mzuri. Nikangoja. Nilikaa hivyo muda mrefu, shavu kwenye matope, na nikaanza kufikiri kwamba nimekosea kwa mara ya pili wiki ile na sasa watakaocheka ni watu wa Njukini.

Kisha kitu kikanigusa mkono. Kilikuwa laini, kama kitambaa kilicholowa. Kikapita kwenye vidole vyangu na kujibandika kwenye chujio, kikakazana pale. Kikaja kingine juu yake. Dakika chache tu chujio likawa limevishwa pande zote. Mvuto ukapungua. Juu yangu injini ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, kama mtu anayepiga kelele ndani ya chupa.

"Zima!"

Pendo akazima. Na hapo, mkono wangu ukiwa bado chini, nilihisi vile vitu vikiachia kimoja kimoja na kwenda zake na maji. Nikakidaka cha mwisho. Nikakiinua juu. Lilikuwa jani kavu la mgomba.

Huko juu wanafungia mikungu kwa majani makavu isichubuke njiani, na yanayobaki yanaangukia mfereji. Yanateremka chini ya maji kwa sababu yamelowa, huyaoni. Pampu inayavuta, inakosa maji, inaunguza sili. Ikizimwa, majani yanaondoka. Fundi akija kesho yake anakuta chujio safi.

Mzee Elisante alikuwa amekwenda kuamkuana na jirani upande wa pili wa mahindi. Alikuwa hajaona. Pendo aliliangalia lile jani, akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo ni majani tu."

"Ni majani tu."

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, bila dhihaka, "wewe ukinyamaza, una kazi ya kila Ijumaa mpaka uzeeke."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeshalifikiria kabla hajalisema. Mtu aliyekuwa tayari kuniandika Jumatatu alikuwa anarudi kwa hatua ndefu, na mkononi nilikuwa na kitu ambacho ningeweza kukirudisha majini kwa kukunjua vidole. Nilimfikiria Wafula. Nilimfikiria Rispa, swali lake la kila siku kama nimekula. Sikufikiria uaminifu, nisiwadanganye. Nilichofikiria ni kwamba nikinyamaza, nitakuwa nikiishi hapa peke yangu na siri hii kila Jumanne na kila Ijumaa, na huo ni upweke ambao sikuuweza.

Nikamwonyesha mzee jani. Nikamweleza yote. Nikamwambia anachohitaji ni kapu la waya la kulizunguka chujio, pana, na mtu wa kulifagia siku mbili kwa wiki.

Mzee alilichukua lile jani, akaligeuza. Kisha akaanza kucheka, akajipiga paja.

"Yule wa Moshi alinibadilishia pampu nzima! Kumbe nilihitaji kapu, si fundi."

"Ndiyo, mzee."

"Na Pendo anaweza kulifagia."

"Anaweza."

Akaacha kucheka. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka alichoniahidi. "Basi umejifukuza mwenyewe," akasema.

"Nimeona."

Njukini hadi Voi

Jumamosi asubuhi nililisuka lile kapu kwa waya wa kuku na nondo mbili, Pendo akinishikia. Tulipolitia majini, maji yaliingia bila kizuizi. Mzee Elisante alileta ugali, maharagwe na maziwa ya mgando, tukala watatu tumekaa ukingoni. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kula na watu.

"Kazi ya mwezi sina," mzee akasema akinawa. "Nisikudanganye. Lakini kwenye mfereji huu kuna pampu nyingine chini yangu, na wenye pampu hizo wote wanaunguziwa sili kama mimi na wanauita ushirikina. Hawatakuandika. Watakuita. Wengine hawatakuita. Chumba changu cha mbolea kiko wazi, kina dirisha. Ukikitaka, kitakuwa chako. Usipokitaka, sitakasirika."

Nilikwenda nikakiona. Kina dirisha, ni kweli, na harufu. Hakuna jirani karibu ila mahindi. Nikakaa juu ya gunia, nikapiga simu Mombasa.

"Niwaambie unakuja?" Wafula akauliza.

"Waambie wampe yule mwingine."

"Umeajiriwa?"

"Hapana."

"Shemeji, sielewi."

"Hata mimi sijaelewa vizuri. Lakini mwachie."

Rispa nilimpigia baadaye. Alilia kidogo, kisha akauliza kama dirisha lina wavu wa mbu. Nikamwambia halina. Akasema ninunue.

Basi hilo ndilo jibu. Kazi sikupata, kwa maana ile mnayouliza ninyi. Nimerudi Voi kuchukua godoro, jiko na vitabu viwili, na nikimaliza kuandika hapa naondoka na gari la saa nane. Leo ni Jumatatu. Kesho asubuhi watu wa juu watakata ndizi, na kuna pampu sita chini ya ile ya mzee ambazo bado hazijui zinakufa kwa nini. Nataka kuwa nimeshalala ukingoni, mkono majini, kabla jani la kwanza halijafika.